Mashilingi, Choa na Dawa za Kuvu: Tuzitumie Namna Gani?



Swali ambalo tumeulizwa mara nyingi zaidi tukitembelea vikundi, hasa vya kina mama, ni hili: "Mtoto ana mashilingi kichwani, tumemaliza tyubu tatu za dawa, mbona haponi?" Jibu lake ni fupi, na tunalitoa hapa mwanzoni ili hata yule asiyefika mwisho wa somo aende nalo nyumbani. Mashilingi ya kichwani hayaponi kwa dawa ya kupaka peke yake. Yanataka dawa ya kumeza, kwa wiki nyingi, na mtoto apimwe uzito kwanza. Tyubu zile tatu zilikuwa pesa za bure.

Hebu sasa tuone kwa nini iko hivyo, halafu tuangalie dawa nyingine za kuvu ambazo watu wetu wananunua kila siku bila kuulizwa swali lolote.

KUVU NI KITU GANI?

Kila mkulima anaijua kuvu. Ukiweka mahindi ghalani kabla hayajakauka, baada ya siku chache utaona unga wa kijani au mweupe juu ya punje. Hiyo ndiyo kuvu, ambayo vijana siku hizi huiita fangasi. Inapenda unyevu, joto na mahali pasipopita hewa. Ile inayoshika mwili wa binadamu ni ndugu ya hiyo ya ghalani, lakini chakula chake ni kingine: inakula ngozi, nywele na kucha. Ndiyo maana huonekana kati ya vidole vya miguu, kwenye mapaja karibu na sehemu za siri, chini ya matiti, na kichwani mwa watoto.

Si mdudu, wala si minyoo, hata kama doa lenyewe ni la duara kana kwamba kitu kinatembea chini ya ngozi. Tena si uchafu wa mama. Tunasema hivi kwa sababu tumeona akina mama wakiaibishwa mbele ya wazazi wenzao, ati hawaogeshi watoto. Mtoto msafi kabisa anaweza kuambukizwa na kofia ya jirani yake darasani, na chanuo linalozunguka bweni zima, na mashine ya kinyozi ambayo haikusafishwa, ama na paka na ndama wa nyumbani.

KICHWANI

Ukishika unywele wa mtoto mwenye mashilingi, mara nyingi unakatika karibu kabisa na ngozi. Hapo ndipo siri ilipo. Kuvu haijakaa juu ya ngozi tu, imeingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina lake chini. Dawa ya kupaka haifiki huko. Inasafisha juu, magamba yanapungua kidogo, mama anafurahi, na baada ya wiki mbili yote yanarudi. Dawa ya kumeza hupita kwenye damu na kuingia katika unywele mpya unapoota, kwa hiyo unywele mzima hukua kutoka chini na ule mbovu hutoka. Lakini nywele hukua polepole, na dawa haiwezi kwenda mbio kuliko unywele. Ndiyo sababu matibabu ni ya wiki nyingi.

Dawa ya zamani, na bado ni nzuri, ni griseofulvini. Wataalamu waliigundua mwaka 1939 ndani ya aina moja ya kuvu, na tangu mwaka 1958 imekuwa ikimezwa na wagonjwa. (Ni kuvu inayotuponya kuvu. Watoto wa shule hupenda sana kusikia hivyo.) Kipimo chake hufuata uzito. Kwa kawaida madaktari hutoa kati ya miligramu 10 na 20 kwa kila kilo moja ya mtoto kwa siku. Kwa hiyo mtoto wa kilo 20 atahitaji miligramu 200 hadi 400 kwa siku, na yule wa kilo 30 atahitaji zaidi. Mnaona basi kwamba mama hawezi kukadiria kwa macho, wala kumpa mdogo nusu ya kidonge cha kaka yake. Mpelekeni dispensari, apandishwe kwenye mizani.

Griseofulvini ina tabia moja ambayo watu wengi hawaambiwi: bila mafuta, mwili hauichukui vizuri. Imezwe wakati wa chakula chenye mafuta au mara tu baada yake. Hatusemi mununue nyama. Kikombe cha maziwa yasiyotolewa malai kinatosha, ama parachichi, karanga, au mboga iliyokaangwa. Mtoto anayemeza kidonge asubuhi kwa chai ya rangi na kukimbilia shule anapoteza sehemu kubwa ya dawa ile.

Dawa nyingine ni terbinafini. Hii humezwa mara moja kwa siku kwa wiki 4 hivi, nayo pia kwa kufuata uzito. Inafanya kazi vizuri kwa kuvu nyingi zinazotoka kwa watu, lakini kwa ile inayotoka kwa paka na mbwa griseofulvini huwa bora. Daktari akiuliza kama mnafuga paka, msidhani anapiga porojo.

Kuna watoto ambao kichwa huvimba mahali pamoja, pakawa laini kama embe lililoiva sana, na usaha ukatoka. Watu hudhani ni jipu. Tafadhali, pasipasuliwe, wala pasikamuliwe kwa nguvu. Hiyo ni kuvu ile ile, mwili umekasirika na unapigana nayo. Mtoto apelekwe hospitali upesi aanze vidonge, kwa sababu akicheleweshwa panabaki kovu lisiloota nywele maisha yake yote.

Na jamani, tuachane na asidi ya betri, unga mweusi wa betri za tochi, mafuta ya taa, na kule kukwaruza kwa gunzi mpaka damu itoke. Vitu hivi huchoma ngozi na kuacha vidonda, na kuvu iliyo ndani ya unywele inabaki imekaa salama.

Mtoto akishaanza vidonge anaweza kuendelea na shule. Si lazima anyolewe. Kofia na chanuo asishirikiane na wengine, na watoto wote wa nyumba hiyo waangaliwe kichwani, maana ukimtibu mmoja na watatu wakabaki nayo, mtaanza upya mwezi ujao.

VIDONGE 42

Hapa ndipo tunapotaka vikundi vitusikilize kwa makini.

Griseofulvini humezwa kwa wiki 6 hadi 8, na wakati mwingine zaidi. Wiki 6 ni siku 42. Kama mtoto ameandikiwa kidonge kimoja kwa siku, hivyo ni vidonge 42. Kama ni viwili kwa siku, ni 84. Sasa, dispensari ikiwa haina dawa, mama huandikiwa karatasi aende kemisti. Huko hununua vidonge 10 kwa sababu hizo ndizo pesa alizo nazo siku hiyo. Siku ya kumi mtoto hajikuni tena. Nyumbani kuna mambo mengine: unga, karo, mtoto mdogo ana homa. Vingine 32 havinunuliwi kamwe. Mwezi wa pili mashilingi yamerudi, na mama anasema dawa hiyo ni feki.

Dawa haikuwa feki. Ilikatizwa. Na mama naye hakuwa mvivu, alikosa pesa kwa mara moja. Sisi tunaona kwamba hili si jambo la mafundisho ya afya tu, ni jambo la mfuko wa kikundi. Kuna kikundi kimoja tulichokitembelea ambacho kimeweka sheria ndogo: mwanachama akiletewa karatasi ya dawa ya muda mrefu, anaweza kukopa kiasi cha kumaliza dawa yote, na kulipa kidogo kidogo bila riba katika mizunguko minne. Mweka hazina huandika idadi ya vidonge vilivyonunuliwa, hatazami pesa peke yake. Tuliona ni busara.

Kabla ya kununua, ulizeni dispensari kama dawa itakuja hivi karibuni, na muulize bei katika kemisti zaidi ya moja. Mwenye kemisti awe na cheti chake kimetundikwa ukutani, kwa maana wauza dawa wanatakiwa kuandikishwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Dawa za kuuzwa kwenye basi na kwenye mkeka sokoni ziacheni huko huko.

TYUBU INAYOPONYA "KILA KITU"

Sasa tuje kwa choa cha mwilini, yaani yale madoa ya duara yenye ukingo ulioinuka na magamba, na katikati pakiwa pamepona kidogo. Hapa dawa ya kupaka inafaa. Lakini ni ipi?

Ukiingia katika kemisti nyingi na kusema "nataka dawa ya ngozi," utapewa tyubu moja yenye dawa tatu zilizochanganywa: moja ya kuua kuvu, moja ya kuua bakteria, na ya tatu ya jamii inayoitwa steroidi. Watu wanaipenda sana. Unapaka jioni, na baada ya siku mbili au tatu hujikuni tena, wekundu umepungua. Nani asiifurahie?

Lakini angalieni kazi ya hiyo steroidi. Mwasho na wekundu ni kelele za mwili unapopigana na adui. Steroidi huunyamazisha mwili. Ni kama kumfunga mbwa mdomo wakati mwizi yuko uani: usiku unakuwa mtulivu, na mwizi anaendelea kubeba kuku. Kuvu inaenea chini kwa chini. Ule ukingo wa duara unapotea, kwa hiyo hata daktari akitazama hautambui upesi. Ukiacha kupaka, mwasho unarudi mkali kuliko mwanzo, na doa limekuwa kubwa mara mbili. Unanunua tyubu nyingine. Tumekutana na watu waliofanya hivyo mwaka mzima.

Ukiendelea, ngozi yenyewe inaharibika. Inakuwa nyembamba, inapasuka upesi, na mapajani hutokea michirizi mipana ambayo haifutiki tena. Kwa mtoto mchanga aliyefungwa nepi hatari ni zaidi, kwa sababu ngozi yake hunyonya dawa hadi ndani ya mwili. Usoni ndiko kubaya, na huko wengine hupaka kwa makusudi kwa sababu steroidi hupausha ngozi. Tutalisema wazi: mafuta mengi ya kujichubua yana steroidi kali ndani yake, na msichana anayejipaka kila siku akapata chunusi na vidoa vyekundu asiaibike kwenda hospitali. Asiache ghafla na kujificha nyumbani uso ukiwa umefura. Aende asaidiwe kuacha.

Huko India jambo hili limekuwa tatizo la nchi nzima. Tyubu za kuchanganya ziliuzwa ovyo kwa miaka mingi, na sasa kuna choa kinachoenea mwili mzima na kupita kwa jamaa yote nyumbani. Kuvu yake ilipewa jina lake mwaka 2020, Trichophyton indotineae, na mara nyingi haisikii terbinafini. Imeshaonekana katika nchi nyingi nje ya India. Hatuna sababu ya kuikaribisha hapa.

Basi someni maandishi kwenye boksi, au mpeni kijana anayesoma sekondari awasomee. Mkiona neno "betamethasone," "clobetasol," "dexamethasone" ama "hydrocortisone," hiyo ina steroidi. Muulize mwuzaji: "Nataka ya kuvu peke yake." Atakupa yenye neno "clotrimazole" au "miconazole," tupu, bila jina lingine pembeni. Au atakupa marhamu ya Whitfield, ambayo ni mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisili. Hii ni ya zamani na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Inawasha kidogo, kwa hiyo isipakwe usoni, sehemu za siri, ama penye kidonda kibichi.

Namna ya kupaka: osha mahali hapo, kausha kabisa, halafu paka safu nyembamba mara mbili kwa siku. Usipake juu ya doa tu, pita ukingo wake upana wa vidole viwili hivi, kwa sababu kuvu iko mbele ya pale unapoiona. Endelea kwa wiki 2 hadi 4. Doa likipotea, usifunge tyubu siku hiyo. Paka wiki moja au mbili zaidi. Taulo na nguo za ndani zianikwe juani, si chini ya kitanda. Kama baada ya wiki 4 hakuna nafuu, acha kupaka na uende kituo cha afya, huenda si kuvu.

Na hapa neno moja muhimu. Doa lililopauka ama jekundu ambalo haliwashi, na ukiligusa kwa pamba hulisikii, msilipake kitu chochote. Linaweza kuwa ukoma. Ukoma bado huonekana mara mojamoja katika nchi yetu, dawa yake hutolewa bure, na ukishikwa mapema mtu hapati ulemavu.

Wanaovaa gambuti siku nzima, kama wa mashamba ya mpunga na ya chai, hupata kuvu kati ya vidole vya miguu. Dawa ni ile ile, lakini bila kukausha vidole na kubadilisha soksi hakuna tyubu itakayowasaidia. Kucha zilizooza ni habari nyingine: hazisikii dawa ya kupaka kwa urahisi, na vidonge vyake ni vya wiki 6 kwa kucha za mkono na 12 kwa za mguu. Kama haziumi na mwenyewe hana kisukari, sisi tungesema pesa hizo zina kazi nyingine.

MDOMONI, NA KWA KINA MAMA

Utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga, usiotoka ukiufuta kama maziwa, pia ni kuvu. Daktari hutoa matone ya nistatini, kwa kawaida mililita 1 mara nne kwa siku kwa siku 7, baada ya kunyonya, na huendelea siku mbili baada ya utando kwisha. Mama akiwa na maumivu kwenye chuchu naye aangaliwe, la sivyo wataambukizana. Dawa nzito ya mdomoni kama jeli isipewe mtoto wa chini ya miezi minne, inaweza kumkaba koo.

Mtu mzima akiwa na utando huo, na hatumii dawa za pumu za kuvuta wala hana meno ya bandia, asinunue matone na kunyamaza. Mara nyingi ni dalili kwamba kinga ya mwili imeshuka. Aende apimwe virusi vya ukimwi na sukari. Dawa za kupunguza virusi zinapatikana bila malipo, na anayeanza mapema anaendelea kulima shamba lake na kulea watoto wake.

Kina mama wengi hupata mwasho ukeni na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Hiyo huwa ni kuvu, na si lazima iwe imeletwa na mume, kwa hiyo tusivunje nyumba kabla ya kupimwa. Lakini kama uchafu una harufu mbaya au rangi ya kijani, kama kuna maumivu chini ya tumbo, homa, ama vidonda, hiyo si kazi ya kemisti. Ikirudi mara nne kwa mwaka au zaidi, pima sukari na virusi. Usioshe ndani kwa sabuni wala Dettol. Unaondoa ulinzi wa mwili. Na dawa za kupaka zenye mafuta hudhoofisha mipira ya kondomu.

Mama mjamzito asimeze flukonazoli kwa shauri la jirani. Kuna vidonge vya kuweka ukeni ambavyo ni salama zaidi kwake, na atapewa kliniki.

KABLA YA KUMEZA

Dawa za kuvu za kumeza si tembe za kichwa. Ketokonazoli ya kumeza, kwa mfano, ilizuiliwa Ulaya na kuwekewa masharti makali Marekani mwaka 2013 kwa sababu ya kuumiza ini. Ukipewa hiyo kwa choa cha kawaida, uliza kama kuna nyingine. (Ya kuogea nywele au ya kupaka haina shida hiyo.)

Mwambie daktari bila kuulizwa: kama una mimba au unaitafuta, kama una ugonjwa wa ini, na dawa zote unazotumia. Griseofulvini haifai kwa mjamzito, inapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na mwanamume aliyeimeza anashauriwa asizalishe hadi miezi 6 ipite. Anayekunywa pombe juu yake anaweza kugeuka mwekundu na moyo kumwenda mbio. Flukonazoli huongeza nguvu ya baadhi ya vidonge vya kisukari mpaka sukari ikashuka na mtu akazimia, na huongeza nguvu ya dawa za kuyeyusha damu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini nayo hupunguza nguvu ya dawa nyingi za kuvu.

Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa kama chai nzito, ama upele ukatokea pamoja na vidonda mdomoni, acha dawa siku hiyo hiyo na uende hospitali. Beba boksi lake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Ni watoto wangapi katika kijiji chetu wana mashilingi sasa, na ni nani atakayewaongoza wazazi wao hadi dispensari? Mhudumu wa afya wa jamii wa eneo letu anaweza kualikwa katika mkutano ujao?

Kila mwanachama alete tyubu ya dawa ya ngozi aliyo nayo nyumbani. Tusome majina pamoja. Ngapi zina steroidi? Ngapi muda wake umepita?

Kinyozi wetu husafisha mashine yake vipi kati ya mtoto mmoja na mwingine? Nani atazungumza naye, kwa adabu?

Mfuko wetu unaweza kukopesha dawa kamili ya wiki 6 kwa wanachama wangapi kwa wakati mmoja? Mweka hazina alete hesabu.